Daftari Kwanza, Simu Baadae: Niliyowaambia Wazazi wa Watoto wa Selimundu

Haya niliyaongea Mwanza mwezi wa sita, wiki ile ya siku ya selimundu duniani, mbele ya wazazi wenzangu na manesi na madokta wachache waliopata nafasi. Kuna ambao hawakufika wakaniomba niandike, basi nimeandika kama nilivyoongea.

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za asubuhi. Mi ni mama wa watoto watatu, wa katikati ndo ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoita nyumbani, ule ugonjwa wa kurithi wa damu, ana miaka 9 na yuko darasa la tatu. Nimeombwa niongelee hizi AI, akili mnemba, zile programu za kwenye simu ambazo unaandika swali inakujibu kama mtu, kwa sababu imeonekana wazazi wengi tunazitumia kimya kimya, usiku, na wala hatuambiani. Tangu ilipotoka ChatGPT mwisho wa 2022 zimekuja nyingi na sa hivi ipo mpaka ndani ya WhatsApp, kwa hiyo hata mama ambaye hajawahi kuitafuta anaikuta tu hapo inamsubiri. Mi ninayoitumia sitaitaja, sijaja kunadi kitu cha mtu, na ntakayoyasema nayaona yanazihusu zote.

Kwanza mjue kwa nini niliianza. Siku ya kliniki naondoka nyumbani hakujapambazuka, nakaa kwenye benchi mpaka mtoto ananilalia mapajani, nikiingia kwa dokta ni dakika chache na foleni nyuma yangu imejaa, maswali yote niliyokuwa nayo yanayeyuka, alafu nikishapanda daladala ndo yanarudi moja moja. Dokta hana kosa, watoto ni wengi, nchi hii inakadiriwa wanazaliwa watoto kama 11,000 kila mwaka wenye selimundu. Lakini mimi nina mwezi mzima mpaka kliniki ijayo na mtoto ni wa kwangu saa zote 24.

Swali la kwanza kabisa niliandika lilikuwa la haidroksiyurea. Tulianzishiwa dawa hiyo, nikasoma kikaratasi cha ndani ya boksi nikaona imeandikwa kansa, nikaikunja dawa nikaiweka juu ya kabati, wiki mbili sikumpa mtoto na sikumwambia mtu, hata baba yake. Nilikuwa naogopa kwamba mwanangu ana kansa wamenificha, au wanamjaribia. Usiku mmoja nikaiandikia mashine hivyo hivyo nilivyokuwa nahisi. Ikanieleza kwamba ni kweli dawa hiyo ilianza kutumika kwenye kansa, lakini kwenye selimundu inatumika kwa dozi na sababu nyingine, inauamsha mwili utengeneze ile damu ya utotoni, ile mtoto anayokuwa nayo akiwa tumboni, ambayo haijikunji kama mundu. Hapo ndo nilielewa kwa mara ya kwanza kwa nini mwanangu miezi ya mwanzo alikuwa mzima kabisa, alafu alipofika kama miezi saba ndo vidole vya mikono na miguu vikaanza kuvimba. Damu ya utotoni ilikuwa imeisha.

Nilimpa dawa siku hiyo? Hapana. Niliandika maswali matatu kwenye karatasi nikaenda nayo kliniki kabla ya tarehe yangu, na nikakiri kwamba nimekaa na dawa wiki mbili. Dokta hakunigombeza. Akaniambia kuna utafiti mkubwa ulichapishwa 2018, ulifanyika kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, waliotumia haidroksiyurea maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua na hata vifo. Watoto wa Afrika, sio wa mbali. Nilitoka pale nikaenda kuitoa dawa juu ya kabati.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndo matumizi yenyewe ninayoyatetea. Mashine ilinisaidia kupata maneno ya hofu yangu, ikanipeleka kwa dokta na maswali yaliyonyooka. Haikuamua chochote.

Sasa ntawaambia usiku ambao nusura inigharimu.

Alikuwa na miaka 7. Jioni alikataa chakula, akalala mapema, saa tatu nikamgusa ana joto, kipimajoto kikasoma 38.6. Nikachukua simu. Nikaandika, ikajibu vizuri, kwa upole, ikaniuliza ana dalili gani nyingine, nikajibu, ikaniambia nimpe maji mengi, nimpe paracetamol kwa uzito wake, nimwangalie, nikaandika tena, ikajibu tena, yani ilikuwa kama naongea na dada ambaye ana subira, na mimi nilikuwa nahitaji dada mwenye subira. Saa ikasogea. Kwenye majibu yake mahali fulani katikati ilikuwa imeandika kwamba mtoto wa selimundu akiwa na homa aende hospitali haraka, lakini lile neno lilikuwa limezungukwa na maneno mengine mengi matamu mpaka sikulisikia. Mama mkwe wangu, ambaye simu yake ni kiswaswadu na hajui AI ni nini, aliingia chumbani akamfunua mtoto tumbo akasema, huyu tumbo limejaa upande mmoja, na midomo imekuwa kama karatasi, nyanyuka twende.

Ilikuwa bandama. Damu ilikuwa imejikusanya kwenye bandama, tulipofika walipima damu ikasoma chini ya 4, wakamwongezea usiku ule ule. Dokta aliniambia saa mbili tatu mbele ingekuwa habari nyingine.

Kwa hiyo kuna vitu mimi siulizi simu tena, na naomba leo mviandike mviweke ukutani karibu na chandarua mahali mtakapoviona usiku. Joto likifika 38 na kuendelea, unaenda. Tumbo la kushoto chini ya mbavu likijaa au mtoto akipauka ghafla, unaenda. Akipumua kwa shida au kile tunachoita kichomi, kifua kinamchoma, unaenda. Mdomo ukipinda, mkono au mguu ukilegea, maneno yakimpotea hata kama yamerudi baada ya dakika tano, hicho kinaweza kuwa kiharusi, watoto wetu wanapata kiharusi, unaenda. Mtoto wa kiume uume ukisimama unauma na haulali, msione aibu, unaenda. Simu itumie kumpigia mwenye bodaboda au teksi. Kuandika ukiwa kwenye benchi la hospitali unasubiri, hapo andika unavyotaka.

Na bandama jifunzeni kuipapasa. Nesi alinishika mkono wangu akaweka vidole vyangu hapa, kushoto, akaniambia panda taratibu kutoka chini, akakata kijiti akaweka alama pale bandama ya mwanangu inapoishia siku ambayo ni mzima. Kijiti kile ninacho mpaka leo. Hakuna programu ya kwenye simu inayoweza kumpapasa mtoto wako tumbo.

Alafu kuna suala la lugha, hili naona halisemwi. Sisi tunaandika kama tunavyoongea. Ukiandika mwanangu ana homa, wewe unaweza kuwa unamaanisha joto, mwenzako wa Kagera anamaanisha malaria, mwingine anamaanisha mafua tu. Kuna siku niliandika mtoto damu imepungua nimpe nini, ikanijibu nimpe maini, mboga za majani, na dawa ya maji yenye madini ya chuma. Jibu zuri kwa mtoto wa jirani yangu. Kwa mtoto wa selimundu damu inapungua kwa sababu chembe zinavunjika kabla ya wakati, chuma yenyewe inabaki mwilini, na kama ameshaongezewa damu mara nyingi chuma inaweza hata kuzidi, ndo maana kliniki wanatupa foliki, vile vidonge vya vitamini vya kusaidia mwili kutengeneza damu, na hawatupi zile dawa nyekundu za kuongeza damu mpaka wapime waone kweli chuma imepungua. Nilipoandika upya nikaanza na maneno mwanangu ana selimundu, ameongezewa damu mara tatu, jibu likageuka kabisa, ikaniambia yenyewe nisimpe chuma bila kipimo. Mashine ile ile, usiku ule ule. Niliogopa sana, nikamfikiria mama ambaye hakuandika hayo maneno ya mwanzo.

Vivyo hivyo mahali ulipo. Ugonjwa huu umeandikwa kwenye majarida ya udaktari tangu 1910, huko Chicago, na maandishi mengi ambayo mashine imeyasoma ni ya Marekani na Uingereza. Ukiuliza tu bila kusema uko wapi unajibiwa kama mtu wa huko, uite ambulensi, uwasiliane na timu yako ya damu. Na malaria haitajwi! Malaria, ambayo kwetu ni moja ya vitu vinavyowaua watoto hawa! Nikaandika niko Mwanza, Tanzania, kanda ya ziwa, mbu ni wengi, hospitali ya rufaa iko mwendo wa saa moja na nusu, ndo chandarua na dawa ya kuzuia malaria vikaingia kwenye jibu.

Ndo nikagundua kwamba kinachokosekana kwenye majibu ni mtoto mwenyewe. Mashine inaujua ugonjwa, haimjui mwanangu, na mimi ndo wa kumweka ndani ya swali. Na kumweka mtoto ndani ya swali kunahitaji uwe na kumbukumbu, na kumbukumbu ya mama aliyekesha siku tatu haiaminiki, nawaambia ukweli, mi nimeshawahi kumwambia dokta mtoto aliumwa juzi kumbe ni wiki iliyopita.

Nilinunua kaunta buku. Ile ya kawaida ya dukani. Kila siku naandika mistari miwili tu, haidroksiyurea na foliki, amekunywa maji kiasi gani, kama kuna maumivu ni wapi na yalianza saa ngapi, kulikuwa na baridi au alicheza sana au alilia, uzito kila mwezi, na majibu ya damu nayanakili siku ya kliniki kabla sijarudisha faili. Mwanzoni nilikuwa naona kama kazi ya shule. Baada ya miezi minne nikaandika yale yote kwenye simu, bila jina lake, nikaiambia nisaidie kuona kama kuna mpangilio. Ikaniambia maumivu ya miguu mengi yamekuja Jumatano usiku na Alhamisi. Nikakaa nikafikiri, Jumatano kuna nini, nikamuuliza mtoto. Jumatano ni siku ya michezo, wanakimbia jua kali, na chupa yake ya maji inabaki darasani, mlango unafungwa.

Miaka mitatu nilikuwa nasema miguu inamuuma tu basi, na kumbe ni chupa ya maji.

Hapo ikaja habari ya barua niliyowaandikia shule. Mwanangu alikuwa anachapwa, na shule siitaji, alichapwa kwa kuomba kwenda chooni mara kwa mara na kwa kulala darasani. Mwalimu hakujua kwamba figo za watoto hawa hazibani mkojo vizuri na wanatakiwa wanywe maji mengi, sasa unywe maji mengi usiende chooni uende wapi. Nilikuwa nikienda pale naongea kwa hasira naishia kulia. Nikaiomba mashine iniandikie barua kwa mwalimu mkuu, ya heshima, isizidi ukurasa mmoja, ieleze maji, choo, sweta wakati wa baridi, michezo kwa kiasi, na zile dalili za kupigiwa simu. Kiswahili ilichoandika kilikuwa kigumu kigumu, cha ofisini, nikakilainisha mwenyewe, nikampelekea nesi wa kliniki akasahihisha sehemu mbili akagonga muhuri. Mwalimu mkuu aliisoma mbele yangu yote. Akamwita mwalimu wa darasa. Toka siku hiyo chupa inaenda uwanjani na mtoto, na mimi nimeshawapa barua ile wazazi wengi, wanabadilisha tu jina.

Dozi, tafadhali, msiiulize. Niliijaribu kwa makusudi, nikaandika uzito wa mwanangu nikauliza haidroksiyurea nimpe kiasi gani, ikapiga hesabu safi kabisa ikanipa namba. Ila haikuniuliza kipimo cha mwisho cha damu kilisemaje, na dokta wetu hajawahi hata siku moja kupandisha dozi bila kuangalia chembe nyeupe za damu na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimekaaje, maana dawa ile inaweza kuzishusha. Namba inaweza kuwa sahihi kwenye karatasi na ikamuumiza mtoto wako.

Na inazua. Niliwahi kuiomba inipe jina la utafiti kuhusu chakula na maumivu ya selimundu, ikanipa jina refu la kupendeza, na jarida, na mwaka. Kijana mmoja aliyekuwa anasomea udaktari alinisaidia kuutafuta, haupo. Kabisa. Tena inakufuata unakoielekeza, nikiuliza si ni kweli majani ya mlonge yanaponya selimundu, inaanza na mazuri ya mlonge, nikiuliza kuna ushahidi gani kwamba mlonge unaponya selimundu, inasema hakuna. Sisi wenye kiu ya kuambiwa mtoto atapona ndo tunauliza kwa namna ile ya kwanza, na huko nje kuna watu wanauza chupa za dawa wanatungoja. Ulizeni kwa namna ya pili.

Kuhusu siri za mtoto ntasema kidogo tu. Msipige picha faili mkalituma lilivyo. Jina, namba ya faili, shule, sura yake, vitoe. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, ilianza kazi Mei 2023, na taarifa za afya inazihesabu kwamba ni nyeti, lakini sheria itakusaidia ukishaumia, wewe mwenyewe ndo unaweza kuzuia kabla. Siku moja huyu mtoto atatafuta kazi na atatafuta mchumba.

Nikisema mchumba nakumbuka baba yake, na ameniruhusu nilisemee hili. Ukweni nilisemwa sana. Kwamba nimeleta ugonjwa, kwamba kwetu kuna kitu. Mume wangu hakuwa ananisema ila hakuwa ananitetea pia, alikuwa ananyamaza, na ule unyamavu uliniumiza kuliko maneno ya wengine. Usiku mmoja kaamka kaenda sebuleni na simu. Asubuhi kaniambia, mama, nimeuliza, kumbe ni mimi na wewe wote, kila mmoja amebeba nusu bila kuumwa, na kila mimba mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Alikuwa ameambiwa hivyo kliniki miaka mingi tu nyuma, ila mbele ya watu, mwanaume, hakuweza kuuliza mara ya pili. Mashine aliiuliza mara kumi, ananiambia mwenyewe, aliiuliza kwa kila namna akitegemea jibu libadilike. Wiki ile ile alienda akamweleza mama yake. Na huyo mama yake ndo aliyekuja kumfunua mtoto tumbo usiku ule.

Madokta na manesi mliopo, naomba neno moja kwenu, kwa heshima. Mzazi akija na simu mkononi akasema nimesoma mahali, msimkatishe. Muulizeni umeambiwa nini. Dakika moja. Kama ameambiwa vibaya mtakuwa mmeokoa mtoto, na kama mtamfokea atarudi nyumbani aendelee kuuliza ila safari nyingine hatowaambia. Mimi ile dawa juu ya kabati nilikuja kuisema kwa sababu nilikuwa na dokta anayesikiliza.

La mwisho, mwaka huu mwezi wa pili. Tunaosha vyombo, mwanangu kaniuliza, mama, mi ntakufa lini. Nikamwambia usiseme hivyo, nikajifanya natafuta sufuria. Usiku sikulala nikaiandikia mashine, mwanangu wa miaka 9 kaniuliza hivi nimjibu nini. Ilitoa maneno mengi, mengine ni ya vitabuni siwezi kuyasema mdomoni kwangu, lakini kulikuwa na moja, kwamba kabla ya kumjibu nimuulize amesikia nini na amesikia wapi. Kesho yake nikakaa nae nje nikamuuliza. Kuna mwenzake darasani kamwambia watoto wa sikoseli hawafiki fomu wani.

Nikamwambia sio kweli. Nikamwambia kuna watu wazima wana selimundu na wana kazi na wana watoto, na mwezi uliofuata nikamtafutia mmoja pale pale kliniki, dada mmoja wa miaka 31 fundi cherehani, wakakaa wakaongea wenyewe muda mrefu, mi nilikaa pembeni. Sijui waliongea nini. Alirudi akaniomba nimfundishe kuandika mwenyewe kwenye kaunta buku, na sasa mistari ya jioni anaiandika yeye, mwandiko wake mkubwa unaruka mistari, leo maji chupa 4, miguu haiumi.

Ninazo kaunta buku 20 pale mezani karibu na mlango, wenzangu walichanga. Nimeshachora mistari ya mwezi wa kwanza. Wenye simu na wasio na simu mje wote, nesi atakuwepo na vijiti vya bandama, mje na watoto muwafunue matumbo tuwapapase mmoja mmoja.